Domeni Yako Imeandikwa kwa Jina la Nani?

Kama una tovuti, nina swali moja kwako. Jina la hiyo tovuti, lile linaloishia na .com, .co.tz au .co.ke, limeandikwa kwa jina la nani? Usiniambie "langu" haraka haraka. Nenda kaangalie kwanza, halafu urudi tuzungumze.

Nauliza kwa sababu hivi karibuni nimehamisha jina la tovuti yangu kutoka kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo tu: bei ya kulipia kila mwaka ilipanda, na barua pepe zangu zikawa hazijibiwi. Nikafungua kufuli la jina, nikaomba msimbo wa siri, nikampa msajili mpya, nikalipa, halafu nikaambiwa ningoje hadi siku tano. Rafiki yangu mmoja akacheka. "Siku tano za nini? Siku hizi hata hela inafika kijijini kabla hujaweka simu mfukoni!"

Ni swali zuri, nami nikalifuatilia. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hilo kufuli, huo msimbo na hizo siku tano havikutungwa na watu wenye kupenda urasimu. Nyuma yake kuna wizi, kuna kesi mahakamani, na kuna wateja waliofungiwa mlango na kampuni walizokuwa wakizilipa. Na nyuma ya yote hayo kuna ubishi wa miaka mingi juu ya jambo moja: jina ni mali ya aliyeliandikisha, au ni mali ya anayeshika daftari?

Tuanze mwanzo. Intaneti ilipokuwa bado inaitwa ARPANET, mradi uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache kiasi kwamba majina yake yote yalienea kwenye faili moja. Faili hilo, HOSTS.TXT, lilitunzwa katika taasisi ya SRI huko California, kwenye ofisi iliyoongozwa na mwanamama Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako iwe na jina, unawasiliana na ofisi ya Feinler, wanaliongeza kwenye orodha, na wenzako wote wanachukua orodha mpya. Kompyuta zilipoongezeka orodha ikaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akifanya kazi na Jon Postel katika University of Southern California, akabuni mfumo tunaoutumia hadi leo, ambao majina yamegawanywa matawi matawi na kila tawi lina mtunzaji wake. Machi 15, 1985 kampuni moja ya kompyuta ya Massachusetts ikaandikisha symbolics.com, jina la kwanza kabisa la .com. Haikulipa hata senti.

Mwaka 1993 kazi ya kuandikisha majina ya .com, .net na .org ikaenda kwa kampuni ya Network Solutions ya Virginia, kwa mkataba na Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani. Hapa ndipo pa kutega sikio. Ilikuwa kampuni moja tu. Yenyewe ndiyo iliyoshika daftari kuu, na yenyewe ndiyo iliyokuwa dukani ikiuza. Septemba 1995 ikaanza kutoza dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza. Wengi walinung'unika, lakini ungefanya nini? Neno "kuhama" halikuwa na maana yoyote. Utahama uende kwa nani?

Mwezi mmoja baada ya ada kuanza, likatokea tukio ambalo mawakili wa mambo ya intaneti wanalizungumzia mpaka leo. Mei 1994 kijana mmoja wa California, Gary Kremen, alikuwa ameandikisha sex.com. (Najua mnacheka. Chekeni, halafu tuendelee.) Aliliandikisha bure na hakulifanyia chochote kwa haraka. Oktoba 1995 mtu mwingine, Stephen Cohen, aliyekuwa ametoka jela kwa makosa ya utapeli, akaipelekea Network Solutions barua ya kughushi. Barua ilidai kwamba kampuni ya Kremen imeamua kuliachia jina hilo, na kwamba Cohen ndiye alichukue. Kampuni ya Kremen iliitwa Online Classifieds, yaani matangazo madogo madogo ya mtandaoni. Barua ikaeleza kwamba imeandikwa kwenye karatasi kwa sababu kampuni hiyo haina intaneti! Kampuni ya mtandaoni isiyo na mtandao, na hakuna aliyeshtuka. Network Solutions haikumpigia Kremen simu, wala haikumwandikia. Ilibadilisha jina kwenye daftari, kisha Cohen akalitumia kuvuna mamilioni ya dola.

Kremen alihangaika mahakamani kwa miaka. Novemba 2000 jaji akaamuru arudishiwe jina lake, na mwaka 2001 Cohen akaamriwa kumlipa dola milioni 65. Cohen akakimbilia Mexico, akakamatwa huko mwaka 2005. Lakini kwa mimi na wewe sehemu nzito ni nyingine. Kremen aliishtaki pia Network Solutions, akisema: mlitoa mali yangu kwa mwizi bila kuniuliza. Kampuni ikajibu kwamba hakuna mali iliyotolewa. Na si kwamba jibu hilo lilikuwa la ajabu. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya jimbo la Virginia, katika kesi nyingine iliyoihusu kampuni hiyo hiyo, ilikuwa imeamua kwamba jina la domeni ni huduma ya mkataba tu, si kitu cha kukamatwa kulipia deni la mtu. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko California ikaamua tofauti kwa upande wa Kremen: jina ni mali, na anayeitoa mali ya mtu kwa asiyehusika anaweza kuwajibishwa, hata kama hakukusudia kuiba. Mwaka uliofuata pande hizo mbili zikamalizana nje ya mahakama.

Wakati kesi hiyo inaendelea, udhaifu ulijitokeza kwa wakubwa pia. Oktoba 1998 mtu alituma barua pepe kwa Network Solutions akijifanya ametoka kampuni ya AOL, akaomba anwani ya aol.com ielekezwe kwingine. Mfumo ulikuwa unatazama tu barua imetoka kwa nani, na jina la mtumaji kwenye barua pepe linaghushiwa na mtoto wa shule. Ombi likakubaliwa, na barua za wateja wa AOL zikaanza kupotea njia. Kama AOL, mojawapo ya kampuni kubwa za intaneti za wakati ule, ilinyang'anywa jina kwa barua pepe moja, mwenye duka la viatu angeponea wapi?

Mwaka huo wa 1998 ulikuwa wa msukosuko mkubwa kwa jumla. Jon Postel, yule mwenye ndevu ndefu aliyekuwa akitunza orodha ya mizizi ya intaneti kwa miaka mingi na kwa kuaminiwa tu, mwezi Januari aliwaomba waendeshaji wa seva za mizizi wafuate nakala ya kompyuta yake badala ya ile ya Network Solutions. Kati ya seva 12 zilizoinakili ile ya Network Solutions, nane zikamfuata. Serikali ya Marekani ikashtuka, ikamtaka arudishe mambo yalivyokuwa, naye akarudisha akisema lilikuwa jaribio tu. Mwaka huo huo likaundwa shirika la ICANN ili lisimamie majina na namba. Postel alifariki Oktoba 16, 1998, shirika likiwa bado changa kabisa.

Jambo kubwa lililofuata lilikuwa kutenganisha daftari na duka. Daftari kuu la .com likabaki mahali pamoja, lakini ruhusa ya kuuza majina ikagawiwa wengi. Aprili 1999 ICANN ikatangaza wasajili watano wa majaribio: AOL, CORE, France Télécom, Melbourne IT na register.com. Kila msajili akiuza jina analiandika kwenye daftari lile lile na kulipa ada ya jumla, ambayo ilianza na dola 9 kwa mwaka ikashuka hadi dola 6. Kabla ya hapo wateja walikuwa wakilipa dola 35 kwa mwaka. Hapo ndipo haki ya kuhama ilipozaliwa. Ni kama ilivyokuja kuwa kwenye simu, Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017, mteja aliporuhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Namba ikishakuwa yako, kampuni inalazimika kukubembeleza.

Lakini haki ya kwenye karatasi ni jambo moja, na mlango ulio wazi ni jambo lingine. Siku zile msajili mpya alipoomba jina, msajili wa zamani aliweza kukaa kimya, na kimya chake kikahesabiwa kuwa "hapana". Nani asingekaa kimya wakati mteja anaondoka? Upande wa pili kulikuwa na wanaowinda wateja kwa hila. Unapokea barua inayofanana na ankara, inasema jina lako linakwisha muda, lipa hapa. Unalipa, kumbe umesaini kuhamia kwao bila kujua. Mwaka 2003 Tume ya Biashara ya Marekani ililazimika kuingilia kati kwa barua za aina hiyo, na mojawapo ya kampuni zilizofikishwa mbele yake ni Network Solutions yenyewe.

Novemba 12, 2004 kanuni mpya za ICANN zikaanza kazi. Sasa msajili wa zamani akikaa kimya siku tano, kimya chake ni "ndiyo". Hizo ndizo siku tano alizoniulizia rafiki yangu. Ni muda wa wewe kupiga kelele kama anayehama siye wewe, na hapo hapo ni kikomo cha muda ambao msajili wako anaweza kukuchelewesha.

Haikupita hata miezi mitatu. Jumamosi ya Januari 15, 2005, Panix, kampuni kongwe ya kuunganisha watu na intaneti jijini New York, iliamka ikakuta panix.com si yake tena. Umiliki ulikuwa umehamia Australia, anwani za seva zimepelekwa Uingereza, na barua pepe zinaelekezwa Kanada. Mwizi alikuwa amefungua akaunti kwa wakala wa Melbourne IT akitumia kadi za benki za wizi, na wakala huyo hakuhakikisha kama mwenye jina ameafiki. Panix wakapiga simu kila mahali. Huko Australia ilikuwa mwisho wa juma, na ofisi zimefungwa. Maelfu ya wateja walikaa bila barua pepe mpaka jina liliporudishwa Jumatatu. Fikiria: kampuni yenye wataalamu wa mtandao waliobobea ilikaa siku mbili ikingoja mtu afungue ofisi upande wa pili wa dunia.

Baada ya hapo kufuli, ambalo awali lilitumiwa na wachache, likawa jambo la kawaida: jina lililofungwa haliwezi kuhamishwa hata mtu akiomba vipi. Na .com ikaletewa msimbo wa kuhamisha, neno la siri la kila jina ambalo msajili wa zamani anampa mwenye jina peke yake. Huna msimbo, huhami. Kanuni zinasema pia kwamba jina lililoandikishwa au kuhamishwa karibuni linaweza kuzuiwa siku 60 lisihame tena, kwa kuwa wezi hupenda kulirusha jina kutoka msajili hadi msajili ili kufuta nyayo.

Sasa angalia ujanja wa binadamu. Ulinzi ukishajengwa dhidi ya mwizi wa nje, mwenye ufunguo anaweza kuutumia kumfungia mwenye nyumba ndani. Ndivyo ilivyokuwa kwa RegisterFly, msajili wa Marekani aliyeporomoka mwanzoni mwa 2007. Wakubwa wa kampuni walikuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe, wateja wanalipa ada lakini majina hayahuishwi, na ukiomba msimbo ili uhame hupati. Mamia ya maelfu ya majina yalinasa humo. Machi 2007 ICANN ikatangaza kuinyang'anya kibali, na miezi miwili baadaye majina yakakabidhiwa GoDaddy. Ni kutokana na balaa hilo ICANN ilianza kusimamia kwa dhati wasajili waweke nakala za kumbukumbu za wateja kwa mtunzaji wa nje, ili msajili akifa asife na majina ya watu.

GoDaddy nayo ikaja kuonja nguvu ya mteja anayeweza kuhama. Desemba 2011 ilipounga mkono muswada wa SOPA katika Bunge la Marekani, muswada ambao watumiaji wengi wa intaneti waliuona kama kitanzi, watu wakatangaza Desemba 29 kuwa siku ya kuhamisha majina. Jimmy Wales wa Wikipedia akasema majina ya Wikipedia nayo yatahama. Kabla hata siku hiyo haijafika kampuni ikageuka na kuacha kuunga mkono muswada. Mwaka 1995 hasira kama hiyo isingeishtua kampuni yoyote, kwa sababu watu wasingekuwa na pa kwenda.

Na sisi huku? Hapa kuna hadithi ambayo vijana wengi hatuijui: hata jina la nchi limewahi kuhama. Mwaka 1993 .ke iliingizwa kwenye orodha ya Postel, msimamizi wake wa kiutawala akiwa Dk. Shem Ochuodho, aliyekuja kuwa mbunge, na wa kiufundi akiwa Randy Bush, mhandisi Mmarekani aliyejitolea sana kuunganisha Afrika na intaneti. Wakati ule watu waliojua kazi hiyo walihesabika, na walifanya kwa kujitolea. Mwaka 1994 Postel aliandika mwongozo akisema anayetunza tawi la nchi ni mdhamini kwa niaba ya watu wa nchi hiyo, si mwenye mali. Desemba 2002 ICANN ikaafiki .ke ikabidhiwe KENIC, chombo cha Wakenya wenyewe. Tanzania tukafuata: .tz iliyokuwepo tangu 1995 ikapata chombo chake, tzNIC, kilichoanzishwa mwaka 2006, na usimamizi ukahamishiwa kwake rasmi mwaka 2010. Angalia kwamba swali ni lile lile la Kremen, ila safari hii anayeuliza ni nchi: daftari lina jina letu, lakini nani analishika?

Kanuni nilizozieleza za siku tano na siku 60 ni za .com na wenzake. Majina ya nchi kama .tz na .ke yana kanuni zake, kwa hiyo uliza kabla ya kuhama.

Mambo yanaendelea kubadilika. Mei 2018 sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza, majina na anwani za wamiliki zikafichwa kwenye orodha za wazi. Hilo ni zuri kwa faragha, lakini sasa msajili mpya hawezi tena kuchungulia nani mwenye jina ili amtumie barua ya kumuuliza. Uzito wote umebaki kwenye msimbo na kwenye akaunti yako kwa msajili. Anayeingia kwenye akaunti yako, au kwenye barua pepe uliyoiandikisha, ndiye mwenye jina.

Sasa turudi mjini kwetu. Mtu ana saluni, ana kikundi cha sanaa, ana gazeti dogo la mtandaoni. Anamtafuta kijana amtengenezee tovuti, wanaelewana bei, na yule kijana ananunua jina kwa akaunti yake, kwa barua pepe yake na kwa jina lake. Si lazima awe tapeli. Mara nyingi ni kurahisisha kazi tu. Miaka mitatu baadaye kijana amepata ajira nchi nyingine, au wamekosana, na jina lililochapishwa kwenye kadi, kwenye fulana na kwenye ubao wa dukani halina mwenyewe wa kulihuisha. Kremen alipambana na barua ya kughushi. Wewe utapambana na nini, wakati daftari linasema wazi kwamba jina si lako?

Kwa hiyo fanya mambo haya. Hakikisha jina lako au la kampuni yako ndilo lililo kwenye nafasi ya mmiliki, na kwamba akaunti ya msajili ni yako. Fundi mpe ruhusa ya kufanya kazi, usimpe hati. Barua pepe ya mawasiliano isiwe ya domeni hiyo hiyo, kwa sababu siku jina likipotea na barua za kulidai zinapotea nalo. Funga kufuli, na uweke ulinzi wa hatua mbili kwenye akaunti. Ukitaka kuhama usingoje siku ya mwisho, kwa.com ada unayolipa inaongeza mwaka mmoja juu ya muda uliobaki, hivyo hupotezi kitu kwa kuwahi. Na kumbuka kwamba kuhamisha jina hakuhamishi kurasa wala barua pepe. Kama msajili wa zamani ndiye pia anayeelekeza anwani zako, panga hilo kwanza, la sivyo tovuti itazimika ukiwa katikati ya safari.

Ukishaangalia na ukakuta jina si lako, mpigie huyo fundi leo, mkiwa bado mnaelewana.